Mwanangu, vidonge umeviacha nyumbani

Mwanangu,

Nilifungua droo ya meza yako kutafuta mkasi, nikakuta kile kichupa cha vitamini B12 nilichokununulia. Kifuniko kimefunguliwa, ila karatasi ya fedha inayoziba mdomo haijatobolewa hata kidogo. Nikajipa moyo kwamba labda una kingine. Unacho? Nijibu hilo kwanza, salamu zitafuata.

Halafu dada yako kaniambia umeingia shindano la kubadilisha mwili: miezi mitatu, picha kila Jumapili, mshindi anapewa pesa. Usimkasirikie, nilimbana mimi.

Sikia, baba. Kwamba mtu asiyekula nyama, mayai wala maziwa anaweza kuwa na nguvu, ubishi huo umekwisha. Video ya Patrik Baboumian, yule jitu la nguvu la Ujerumani asiyekula chochote cha mnyama, uliyonitumia niliitazama hadi mwisho: Toronto, mwaka 2013, zaidi ya kilo 550 mabegani, mita 10. Shangazi yako alipoanza tena maneno yake ya "majani", mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nakusifia hata kwa watu ambao hawajaniuliza habari zako.

Kinachoninyima usingizi ni hicho kichupa. B12 huipati kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, na ule unga wa kijani wa spirulina unaoukoroga asubuhi usikudanganye. Kilichomo kwa sehemu kubwa ni cha umbo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Ubaya wa upungufu wa B12 ni kwamba haupigi hodi. Ini huweka akiba inayoweza kumtosha mtu miaka kadhaa, kwa hiyo utaendelea kunyanyua vyuma vyako na kujiona mzima. Tena nyie mnaokula maharage na mboga za majani mnapata foleti tele, ile vitamini B9, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ganzi ikishaingia miguuni na kukaa, si lazima iondoke yote. Na yote hayo kwa kukosa kitu ambacho mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku! Tafuta kidonge cha maikrogramu 10 umeze kila siku, au cha 2,000 mara moja kwa wiki. Usishtuke na ukubwa wa hicho cha pili, kwa mkupuo mmoja mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Ukipata nafasi, pima na damu.

Nimejiuliza kwa nini hukukitoboa, wakati vyombo vyako vya mazoezi huvisahau kamwe. Nadhani ni kwa sababu kidonge hakionekani kwenye picha.

Kwenye chakula sina neno kubwa, hesabu zako nazijua ni nzuri. Kilo 70 za mwili wako mara gramu 1.6 kwa kila kilo ni gramu 112 za protini kwa siku, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, kwa hiyo soya na dengu hazikwepeki. Habari ya kulazimisha nafaka na kunde zikutane kwenye sahani moja ili protini ikamilike achana nayo, zikiliwa siku hiyohiyo inatosha. Ila chai ya kushushia chakula, hapana. Inazuia sehemu ya madini ya chuma isiingie mwilini. Subiri saa moja, na kula tunda lenye vitamini C pamoja na mlo. Ubishi huo wa chai umeurithi kwa babako.

Sasa hili shindano. Mwaka 1971 mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga, ambayo watu huyachezea kwa raha tu. Kundi moja likalipwa dola moja kwa kila fumbo walilolitatua. Malipo yalipokoma, wakiachwa peke yao chumbani na mafumbo yaleyale, waliyagusa muda mfupi kuliko mwanzo. Niliposoma hayo nilikumbuka zile zawadi zetu za matokeo ya mtihani, na jinsi vitabu vilivyokuwa vikifungwa siku zawadi inapotoka. Basi tuyaache.

Kwenye droo hiyohiyo kuna daftari lako. Ndiyo, nimelisoma. Kurasa za mwanzo hakuna kipimo cha kiuno wala kifua. Umeandika: "Leo nimechuchumaa hadi chini, goti halikuuma." Ukurasa mwingine: "Pushapu ya mwisho imepanda bila kutetemeka." Mtu aliyeandika vile hakuwa akimwonyesha yeyote, na aliamka mwenyewe alfajiri bila kugongewa mlango. Huyo simwogopei. Ninayemwogopea ni huyu wa Jumapili, maana sijui shindano likishakwisha atakuwa akifanya mazoezi kwa ajili ya nani. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Mbona si mengi! Shida yake ni kwamba hayana tarehe ya mwisho, wala hakuna anayekuja kukuvisha medali ukiwa na miaka sitini.

Sikwambii ujitoe. Pesa zikija, zije. Ila kila Jumapili, kabla hujavua fulana upigwe picha, uwe umeshameza kidonge. Kichupa nakutumia, lakini usikingojee, nunua kingine hukohuko leo.

Nyumbani hatujambo. Blenda yako inavuja chini, nadhani mpira umekatika; dada yako anaifunga kwa kitambaa na meza inalowa kila siku. Vyuma vyako vidogo babako kavifanya vya kuzuia mlango, ingawa juzi nilimkuta kavishika, akasema anavifuta vumbi. Chumba tunakipaka rangi mwisho wa mwezi, kwa hiyo niambie mapema ni maboksi gani yasiguswe. Ufunguo wa kabati siuoni. Kama umeondoka nao sema, tusije tukavunja kufuli bure.

Mama yako