Mashine imelala, au kuna mtu ameshika rekodi?

Simu za mwisho wa mwezi zinafanana: "Papa, AS/400 imelala tena, tuizime tuiwashe?" Sisi tunaozihudumia mashine hizi tunajibu: msiguse kitu, nipeni kwanza mnachoona kwenye WRKACTJOB, amri inayoorodhesha jobu, yaani kazi zinazoendelea ndani ya mashine. (IBM iliitoa AS/400, kompyuta ya biashara, mwaka 1988 na sasa mfumo wake unaitwa IBM i, lakini hapa Lubumbashi jina la zamani halijatoka mdomoni mwa mtu.)

Tuliitwa siku moja na muuza vipuri mwenye biro hapa mjini na depo Kasumbalesa, zote mbili kwenye mashine moja. Fakture hazitoki tangu mchana. Mama wa uhasibu ameshazituma upya mara tatu, na patroni amesimama karibu na kitufe cha kuzimia. Tukafungua orodha ya jobu. Hakuna iliyokuwa inakula prosesa. Mashine ilikuwa imepumzika kabisa! Ila jobu ya fakture, ndani ya QBATCH (sehemu ya kazi zinazoenda zenyewe bila skrini), ilikuwa na hali ya MSGW, yaani imeuliza swali na inangoja jibu. Tukaweka 7 mbele yake kusoma ujumbe: rekodi ya mteja fulani imeshikwa na jobu nyingine, na jobu hiyo imetajwa kwa namba yake, jina la mtumiaji na jina la skrini. Skrini ilikuwa ya Kasumbalesa. Mtunza depo alifungua rekodi ya mteja ili abadilishe anwani, akaenda kula bukari.

Akaitwa, akabonyeza F12. Sisi tukajibu R, yaani jaribu tena, na printa ikaanza kulia.

Jobu ya yule bwana wa depo ilionyesha DSPW na prosesa 0.0. DSPW maana yake skrini inamngoja mtu aandike. Ukiitazama haraka utasema haina kosa, na hapo ndipo wengi wanapotea: wanatafuta jobu inayokula prosesa nyingi, kumbe anayefunga njia amekaa kimya. Anayeonyesha LCKW ndiye anayeteseka kungoja kufuli, yaani kitu kilichoshikwa na jobu nyingine. Mwenye kufuli ni mwingine. Ukiweka 5 mbele ya jobu inayongoja, kisha ukachagua 12, utaona kufuli zake. Kwa rekodi moja ya faili, amri ya DSPRCDLCK inakwambia moja kwa moja nani ameishika. Faili nyingi zimeachwa na muda wa kawaida wa kungoja rekodi, sekunde 60, kwa hiyo LCKW inaweza kupita kabla hujafika mezani, ukabaki na MSGW tu.

Jambo dogo linalodanganya: ukifungua WRKACTJOB mara ya kwanza, safu ya prosesa inaweza kuonyesha sifuri kila mahali kwa sababu kipimo ndiyo kwanza kinaanza. Ngoja kidogo, bonyeza F5. Ukitaka kupima upya kuanzia sasa, F10.

Kumtafuta mtu mmoja, WRKUSRJOB yenye jina lake na STATUS(*ACTIVE) inatosha, isipokuwa anapoingia kupitia Excel au programu nyingine ya kompyuta yake. Hapo jobu inaitwa QZDASOINIT na mwenyewe anaandikwa QUSER, hata zikiwa ishirini. Soma safu ya mtumiaji wa sasa kwenye WRKACTJOB. Ripoti moja ya Excel iliyoandikwa vibaya inaweza kuchosha mashine kuliko biro nzima, na mwenye ripoti ndiye wa kwanza kulalamika.

Mkilazimika kuua jobu, tumieni ENDJOB ya *CNTRLD, ambayo kwa kawaida inaipa programu sekunde 30 ijifunge yenyewe. *IMMED, yaani kuiua papo hapo, baadaye. ENDJOBABN, amri ya kuua kwa nguvu ya mwisho, mtuachie sisi: mfumo wenyewe hauikubali mpaka dakika 10 zipite tangu *IMMED. Na kitufe kile cha patroni, hapana. Mashine iliyozimwa ghafla inarudi polepole, ikikagua na kujenga upya ilichokiacha wazi. Umeme ukikatika tunaonja hayo bila kuyatafuta.

Wateja wengi wanaomba skrini zilizoachwa zifungwe zenyewe. Inawezekana: QINACTITV, muda wa skrini kukaa bila kuguswa, inakuja ikiwa *NONE (hakuna muda), nasi tunaiweka kwa dakika mnazotaka. Lakini angalieni QINACTMSGQ, inayosema mashine ifanye nini muda huo ukiisha. Ikiwa *DSCJOB, mtu anatolewa kwenye skrini huku jobu yake ikibaki hai na kufuli zake mkononi, na bwana wa bukari angetufungia njia vilevile. Tunapendelea *ENDJOB, inayoifunga jobu yenyewe, baada ya kukagua programu zenu moja moja.

Huduma yetu ya ulinzi inasoma orodha ya jobu hai (QSYS2.ACTIVE_JOB_INFO) kila dakika tano, na ikikuta MSGW au LCKW ile ile mara mbili mfululizo, inatuma ujumbe kwa simu ya mtu mliyemchagua, pamoja na jina la jobu. Haiui chochote yenyewe.

Asiye na huduma hiyo, akitupigia, awe na vitu vitatu mkononi: jina zima la jobu na namba zake sita, hali yake, na picha ya ujumbe kabla mtu hajaujibu.