Barua ya wazi kwa wanangu mnaotangaza sayansi

Wanangu,

Juzi mmoja wenu alinifuata kijiweni Magomeni, pale ninapokunywa kahawa baada ya alasiri, akaniuliza: "Mzee, ulikuwa mtu wa nyota na volkano. Mambo ya akili uliyaingiaje?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba ni uzee tu. Usiku jibu lile likanikosesha raha, ndiyo maana naandika.

Nilianza kutangaza mwaka 1996, redio za binafsi zikiwa bado changa hapa Dar. Mdomo nilikuwa nao. Siku moja nikafanya kipindi cha ubongo: una uzito wa kilo 1.4 hivi, nao unakula karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili hata ukiwa umejikalia tu. Nikatia chumvi. Nikasema ubongo ukigoma, mwenyewe apakiwe basi la Dodoma, akashushwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Fundi mitambo alicheka mpaka akapiga meza.

Wiki iliyofuata mama mmoja alinisubiri getini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kaka yake yuko Mirembe mwaka wa pili. Watoto nyumbani walicheka kwanza, kisha wote wakageuka kumtazama yeye. "Sasa baba," akaniuliza, "uzito wa ubongo umetwambia. Kaka yangu anaumwa nini?"

Sikujua. Ubongo nilikuwa nimeusoma kama mtu anavyoangalia nyama buchani, kilo ngapi na steki iko wapi.

Nilirudi darasani nikiwa na miaka 41, kusoma saikolojia na unasihi (kazi ya kumsikiliza na kumshauri mwenye shida), jioni baada ya kazi, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Wenzangu waliniita babu. (Sasa ndiyo nimekuwa babu kweli, na wao wana vipara.) Vitabu vilinisaidia, lakini vilinikera pia: kila ukurasa "binadamu" anafanya hivi, "binadamu" anaogopa vile, nami simuoni mtu ninayemfahamu. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake wakaiweka wazi hesabu: katika majarida makubwa ya saikolojia, asilimia 96 ya watu waliofanyiwa utafiti walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Kwa hiyo mkitaka kutangaza kwamba wanasayansi wamegundua kinachomfurahisha binadamu, ulizeni kwanza ni binadamu yupi. Wa Mbagala yumo?

Shule yangu hasa ilikuwa mafunzo kwa vitendo, kwenye benchi la zahanati pembeni ya mnasihi. Hakuna aliyeingia akasema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Walisema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili mzito, usingizi hauji. Au walisema tu, "Nina mawazo." Mswahili akikwambia ana mawazo, hakwambii kwamba anafikiri. Anakwambia anazama. Neno hilo nimelisikia tangu utoto, mama yangu mwenyewe alilisema, na mimi ninayekula kwa maneno sikuwahi kusimama nikaliuliza lina nini ndani.

Ndugu zetu wa Zimbabwe walisimama. Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na bibi 14 kule Mbare, Harare. Waliwekewa mabenchi nje ya zahanati, wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo, halafu watafute njia pamoja. Walitumia neno lile lile la nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kuwa baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tatizo moja, wanangu. Mtu anayedaiwa kodi ya miezi sita msimwambie apumue taratibu na kutabasamu mbele ya kioo, kisha mkaliita hilo sayansi ya furaha. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1948 linasema afya ni ustawi wa mwili, akili na jamii. Kodi ya nyumba iko humo humo.

La kupima watu hewani sitaki hata kulijadili. Msikilizaji akipiga simu akieleza hali yake, msimpachike jina la ugonjwa, ninyi si madaktari. Na akisema amechoka kuishi, mtoeni hewani, lakini simu msiikate; mmoja wenu abaki naye akizungumza naye kwa upole mpaka apatikane mtu wa kwenda kukaa naye na kumfikisha hospitali. Mjue mtampeleka wapi kabla kipindi hakijaanza. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa, siku ambayo sitaiandika hapa.

Kaseti ya kipindi kile cha ubongo bado ninayo, imeanza kuota ukungu. Njooni Jumamosi yoyote kabla haijafa kabisa. Utani wangu mtausikia, na nyuma yake fundi mitambo akicheka na kupiga meza.