Barua kwa vijana wa chuo mnaosomea chini ya mwembe wangu

Wanangu,

Shikamoo zenu za kila jioni nazipokea, marahaba. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema mnacheka.

Wiki mbili hizi nimewasikiliza mkidiskasi hesabu. Mmoja anashika desa, yale makaratasi yenu ya maswali na majibu, anasoma swali, anasoma na jibu lake, wenzake wanaitikia, "Hapo sawa, twende." Ndani ya saa mbili, pepa tano za miaka ya nyuma zimekwisha! Karatasi ya kukokotolea sikuiona hata moja. Peni ilikuwepo, mwenyewe anachorea kiganja.

Siwacheki. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilijaza daftari zima majibu ya mwalimu, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Usiku wa kuamkia mtihani nililipitia mara tatu, kila mstari naukubali. Asubuhi swali la kwanza nililitambua kwa sura tu, kama jirani ambaye hujawahi kumuuliza jina. Nikala sapu. Mzee wangu alikuwa ameuza tumbaku nisome, na sikumwambia mpaka nilipofaulu marudio.

Hapo barazani kila anayetazama bao huona kete ya kuchezwa. Mwambie akae yeye.

Kwa hiyo funikeni jibu. Ukikwama, kaa na swali lako robo saa nzima, andika unachokijua, hata kama ni mchoro tu. Ukishindwa kabisa, funua mstari mmoja, funika tena, endelea mwenyewe. Na swali ulilosaidiwa hivyo hujalimaliza: lirudie keshokutwa kwenye karatasi tupu.

Lakini ninalotaka hasa mlitazame ni hili. Chukueni maswali matatu ya integresheni:

∫x·eˣ dx
∫x·e^(x²) dx
∫e^(x²) dx

Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza linadai integresheni kwa sehemu, unapata (x − 1)eˣ + C. La pili ukiweka u = x² linalainika lenyewe, jibu ni ½e^(x²) + C. La tatu utalisumbukia mpaka alfajiri, maana halina jibu linaloandikika kwa fomula za kawaida mlizofundishwa. Mkiyafanya kila moja chini ya mada yake, kichwa cha mada kimeshawanong'oneza njia. Karatasi ya mtihani hainong'oni.

Ndiyo maana nawaambia mchanganye. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, waliwapa wanafunzi wa chuo maswali ya ujazo wa maumbo. Waliomaliza aina moja kwanza ndipo wahamie nyingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa wakapata 60. Wiki moja baadaye ukaja mtihani: wale wa kwanza wakaambulia asilimia 20, wa mchanganyiko 63. Hiyo 89 ndiyo inayowalevya pale mwembeni.

Kikokotoo msikiguse mpaka mwisho wa swali. Na usingizi laleni, sina la kuongeza.

Jambo jingine dogo. Mnaposahihishana, msiandike "kosa" mkapita. Andikeni ni kosa gani: alama ya hasi imepotea, au C imesahauliwa, au njia yenyewe siyo. Mimi hasi ndiyo ilikuwa ugonjwa wangu. Nilipoanza kuzihesabu, nikajua pa kusimama na kukagua.

Kesho njooni na mkasi. Tutazikata zile pepa, swali moja moja, tuzitie kwenye kopo la maziwa, kila mtu achomoe bila kuchagua. Karatasi ninazo, fomu za zamani za chama cha msingi, nyuma ni nyeupe. Desa mpeni bibi yenu alitunze ndani. Atalitoa saa ya kusahihisha. Na maembe mabichi, tafadhali, msiyarushie mawe.

Babu yenu,
Ng'ambo, Tabora