Barua kwa sahibu wa Chake, Pemba, kabla hujamtafuta yule dereva

Bububu, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ama baad, barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili: ya kwanza kwa kucheka, ya pili kwa khofu. Kilichonichekesha ni vile ulivyoandika matusi ya yule dereva aliyekushukia na nondo njiani, herufi ya mwanzo tu kisha nukta, kama kwamba barua itasomwa na mama. Kilichonitia khofu ni pale mwisho, uliposema namba ya gari yake umeiandika nyuma ya risiti ya mafuta na sasa wiki ya pili unatembea nayo mfukoni. Chake si Dar es Salaam. Ukimtafuta utampata. Kwa hivyo naandika usiku huu huu, kabla hujampata.

Kuna kisa sijakuhadithia kwa aibu. Ramadhani ya mwaka jana, saa kumi na moja unusu za jioni, natoka Darajani kurudi nyumbani. Saa hiyo unaijua: kila mtu ana kifurushi chake na magharibi inamkimbiza, na hao ambao mchana kutwa walikuwa wapole kwa saumu ndio wanaokuwa wabaya zaidi. Kiti cha pembeni nimeweka mkate wa kumimina na dumu la maji ya ukwaju. Nafika Maruhubi, ikanipita Noah ya vioo vyeusi, kushoto nakwambia, kwenye mchanga, ikanikatia mbele mpaka nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Dumu likaanguka. Ukwaju wote kitini.

Sahibu, sikujua kama ndani yangu mna mtu yule. Nilimfuata. Taa nawasha na kuzima, honi nimeilalia, Mtoni tukaipita, Kibweni tukaipita, na Bububu nikaipita pia, nyumbani kwangu mwenyewe, futari imeandaliwa, mie nakwenda Chuini kumfukuza mtu nisiyemjua. Na matusi nayatoa peke yangu garini, kinywa cha mtu aliyefunga.

Chuini akasimama kando. Nami nikasimama. Akashuka, mtu wa makamo, kanzu na kofia, mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikashuka. Tukaendeana. Nilikuwa nimeshalichagua neno la kuanzia, lipo mdomoni. Nikafungua kinywa na kilichotoka ni, "Assalaam alaykum."

Wallahi sikukusudia. Ulimi umezoea tu. Mtu ukimkabili uso kwa uso, ndicho kinachotangulia. Na yeye, naye macho yamemtoka, akajibu, "Waalaykum salaam warahmatullah." Kisha ikawa kama gari iliyoachiwa mlimani. Habari za jioni? Nzuri. Za nyumbani? Alhamdulillah. Saumu? Tunaendelea nayo. Tulipomaliza tukabaki tumetazamana, kila mmoja anatafuta aliliweka wapi lile tusi lake. Huwezi tena. Mtu ameshakuombea amani, utamtukaniaje mama yake?

Usidhani tulipatana. Nilimwambia alivyonipita si uungwana, akasema mimi nilikuwa nakwenda kama gari ya ng'ombe, nikamwambia ukwaju wangu umemwagika, akasema hiyo ni kadari. Kadari! Lakini tulisema kwa sauti ya barazani, na adhana ilipolia kila mtu akarudi kwenye gari yake. Nilifuturu kwa kokwa tatu za tende alizonipa kupitia dirishani, na nilizichukua kwa hasira.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria hili jambo zaidi ya linavyostahiki. Mji Mkongwe watu wanapishana kwenye vichochoro ambamo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na hamali na mkokoteni wake, na Vespa, na bibi na kikapu, na sijaona watu wakikamatana mashati. Hamali wa zamani alikuwa na neno moja tu, "Simile! Simile!", na watu wanajibana ukutani anapita. Neno lile ni ombi na ni onyo kwa pamoja, na linatoka kwa mtu ambaye uso wake unauona. Honi haina uso. Fupi moja ni salamu au ahsante, lakini ikizidi kidogo tu huwa tusi, na aliyeipiga pengine alikuwa anamuita mkewe dukani. Taa ndiyo mbaya zaidi. Mmoja akikuwashia anakwambia pita, mwengine anakwambia mbele kuna trafiki, wa tatu anakwambia nipishe ewe mjinga, na taa ni ile ile.

Kwa hivyo mie sasa dirisha langu la kulia nalifungua, hata kama kipoza hewa kinafanya kazi. Mtu akinibana nanyanyua mkono. Wengi hunyanyua wao pia, na mambo yanaishia hapo. Wenye daladala nimewasamehe mapema: yule ana hesabu ya tajiri kuipeleka jioni, abiria wawili wa kituo kinachofuata ndio faida yake, na utingo anayegonga bodi hana ugomvi na mimi wala na wewe. Nikimuona kwenye kioo namwachia njia. Na wageni wenye pikipiki za kukodi huko Paje nawapa nafasi ya mtu aliyelala, maana wengine kwao huendesha kulia, na kwenye kona hukumbuka kwao.

Na haraka yenyewe nimeipigia hesabu. Bububu mpaka mjini ni kama kilomita 10. Ukienda 60 kwa saa bila kusimama ni dakika 10. Ukienda 80 ni dakika 7 na nusu. Hizo dakika 2 na nusu ndizo zinazotafutiwa roho za watu, na Kinazini, ukiingia mjini, foleni inawazoa wote, aliyekimbia na aliyejikokota. Na kwenye 80 gari inakula mita 22 kila sekunde. Aliyekuganda nyuma kwa mita 10 hana hata nusu sekunde ya kukanyaga breki. Huyo usimkomoe kwa kufunga breki ghafla, nakujua wewe. Punguza taratibu, mpishe aende.

Utaniambia tumefundishwa: ukighadhibika nawe umesimama, kaa; isipoondoka, lala. Nimelifikiria hilo pia. Dereva ameshakaa tayari, na akilala ndiyo balaa. Nadhani kwetu sisi tafsiri yake ni kuweka gari kando, kuzima injini na kukaa dakika chache. Nimefanya mara mbili. Mara ya pili mpita njia aliniuliza kama nimeishiwa mafuta.

Ila salamu si dawa ya kila mtu, nisikudanganye. Yule wako alishuka na nondo mkononi. Kwa mtu kama huyo dirisha hulifungui, na wala hushuki. Unafunga milango, unaacha nafasi mbele ya gari ili uweze kuondoka, na unakwenda penye watu: dukani, msikitini, bora zaidi kituo cha polisi. Nyumbani usimpeleke, akajua unapolala. Hapo wewe ulifanya sawasawa, na aliyekuita mwoga kazini kwenu mwambie aje Chuini na mimi.

Na hiyo namba uliyoiandika, ipeleke polisi, ndiyo kazi yake, na umtaje aliyekuwa nawe garini kuwa shahidi. Ukiiweka mfukoni utakuja kukutana na mtu huyo sokoni siku umeamka vibaya, yeye yuko na watoto wake, na wewe ndiye utakayekuwa na nondo.

Yule wangu wa Noah bado namuona njia hii. Hunipigia honi moja fupi. Siku nyingine namjibu, siku nyingine najitia sikusikia. Doa la ukwaju halijatoka, na ndani ya gari bado panakuwa na harufu likipiga jua.

Umesema utakuja Unguja kabla ya Idi. Nitakungoja Malindi boti ikifunga. Ufunguo nitakupa wewe, uendeshe mpaka Bububu, mie nitakaa pembeni kwenye doa. Mama watoto nimeshamwambia safari hii ukwaju atengenezee nyumbani.

Wasalaam,
Mwenzio wa Bububu