Acha Kuhesabu Mishale

Sahibu yangu,

Salaam nyingi. Barua yako nimeisikiliza mara mbili, na ile uliyoiita "swali dogo" si dogo hata kidogo. Unataka amri moja ya kibodi ikufikishe moja kwa moja kwenye "Export..." (amri ya kuhamisha kazi nje kama faili) ya programu yako ya kuhariri sauti, maana walioitengeneza hawakuipa njia ya mkato, nawe umechoka na Alt, kisha F, kisha mshale wa chini hadi kidole kiume. Umefikiria skripti, yaani programu fupi, itakayobonyeza vitufe hivyohivyo kwa niaba yako, mmoja baada ya mwingine. Inawezekana, na ni kazi ya muda mfupi. Nakusihi usifanye hivyo.

Mishale hujua nafasi tu. Leo kipengee chako ni cha tisa. Kesho orodha ya mafaili uliyoyafungua karibuni inajipachika juu yake, au sasisho linaongeza mstari mpya, na skripti itashuka hatua zilezile na kugonga Enter juu ya jirani. Anayeona atashtuka palepale. Wewe utasubiri dirisha la kuhifadhi ambalo halitafunguka, bila kujua ni amri gani imetekelezwa. Kwa hiyo acha skripti itafute kipengee kwa jina lake, ihakikishe kinatumika wakati huo, ndipo ikitekeleze.

Kwa kuwa unatumia NVDA, kisomaji kinachotusomea skrini ya Windows kwa sauti, njia ni nyepesi kuliko unavyodhani. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya mambo ya juu, uruhusu kupakia msimbo kutoka folda ya majaribio. Kitufe cha kuifungua folda hiyo kiko palepale. Nafasi hiyo ipo tangu toleo la 2019.1, na inakuepusha na kutengeneza programu jalizi kamili kwa ajili ya amri moja. Ndani ya folda ndogo ya appModules utaweka faili la Python (lugha ya kuandikia programu) lenye jina la programu yako bila ".exe". Kama huna hakika na jina, simama ndani ya programu, bonyeza NVDA+Control+Z (NVDA hapa ni kitufe chake maalumu), na kwenye koni, dirisha la kuandikia amri za Python, itakayofunguka andika focus.appModule.appName. Jibu litakalosomwa ndilo jina la faili.

Tahadhari ndogo kuhusu mifano ya zamani utakayokutana nayo. NVDA ilihamia Python 3 katika toleo la 2019.3, kisha matoleo ya 2021.2 hadi 2022.1 yakabadilisha namna ya kuandika dhima, yaani aina ya kitu kama kitufe au kipengee cha menyu: kilichokuwa controlTypes.ROLE_MENUITEM sasa ni controlTypes.Role.MENUITEM. Ukiona mtindo wa kwanza, jua mfano huo umezeeka. Na kabla hujaandika mstari wowote, washa taarifa ya nafasi za mwanzo wa mstari kwenye mipangilio ya uumbizaji wa hati. Mimi natumia milio badala ya maneno. Python bila kusikia mpangilio huo ni mateso.

Sasa menyu yenyewe. Kwa NVDA, kila kilichoko kwenye skrini kina jina, dhima, hali, mzazi, na huenda kina watoto. Upau wa menyu ni mzazi wa "File", na menyu iliyofunguka ni mzazi wa vipengee vyake. Kutafuta ni kumshika mtoto wa kwanza, kumuuliza jina, na kwenda kwa anayefuata mpaka umpate au waishe. Kazi yote ni mistari hii:

def safisha(jina):
    return (jina or "").split("\t")[0].rstrip(".… ").lower()

def tafuta(menyu, jina):
    mtoto = menyu.firstChild
    while mtoto:
        if safisha(mtoto.name) == jina:
            return mtoto
        mtoto = mtoto.next

Usiidharau hiyo safisha, maana humo ndimo wengi wanamokwama. Jina unalolisikia si lazima liwe jina lililoandikwa. Wewe unasikia "Export", lakini nyuma yake kuna nukta tatu ambazo sauti yako inaziruka kwa sababu umepunguza usomaji wa alama. Tena programu moja huandika nukta tatu kweli, nyingine huandika herufi moja yenye sura ya nukta tatu, na kwa masikio hazina tofauti kabisa. Vipengee vingine hubeba njia yao ya mkato ndani ya jina, ikitenganishwa na alama ya tabo. Mistari ya kugawa menyu haina jina lolote, ndiyo maana nimeweka yale mabano yenye or. Bila hayo skripti inavunjika kwenye mstari wa kwanza usio na jina. Na usijaribiwe kukubali jina lolote linaloanza na neno unalotaka, maana "Save" na "Save As" yanaanza sawasawa.

Kuliona jina halisi, fungua menyu, simama juu ya kipengee, ubonyeze NVDA+F1. Taarifa za kipengee hicho zitaandikwa kwenye kumbukumbu (log), jina likiwa ndani ya alama za kunukuu, tabo na nukta zake zote. Kwa menyu naipenda njia hii kuliko koni, kwa sababu menyu hujifunga mara dirisha jingine linapofunguka. NVDA+F1 huchukua taarifa kwanza, ndipo ifungue dirisha lake.

Jambo la pili ni subira. Programu nyingi za Windows huipanga menyu pale tu inapofunguliwa: ndipo zinapoamua kipengee kipi kififie na kipi kipate alama ya tiki. Ukiitafuta ikiwa imefungwa unaweza kuambulia patupu au hali ya zamani. Basi skripti itume Alt+F, ingoje kidogo, ndipo iangalie. Katika kungoja huko usitumie time.sleep, hata kama kila mfano wa Python unaitaja. Skripti yako inakimbia kwenye uzi (thread, mfululizo mmoja wa utekelezaji) uleule unaoendesha kazi kuu za NVDA. Ukiulaza uzi huo, kisomaji chote kimelala, na hata lile tukio unalolisubiri, la menyu kufunguka, halitashughulikiwa. Tumia core.callLater: unaipa idadi ya milisekunde na kazi ya kufanya, kisha unaondoka. Wakati ukifika, kazi hiyo imchukue mzazi wa kilicho kwenye fokasi (pale kibodi inapoelekea wakati huo), itafute ndani yake, na kama menyu haijawa tayari ijipange tena. Iwekee kikomo, mara tatu nne hivi, isije ikazunguka milele kwenye programu iliyoganda.

Ukishakipata, usikimbilie kutekeleza. Angalia kama controlTypes.State.UNAVAILABLE imo kwenye hali zake (states). Programu za sauti huzima amri ya kuhamisha wakati wa kurekodi, na ukitekeleza kipengee kilichozimwa kwa kawaida hakuna kinachotokea, wala hakuna kinachosemwa. Skripti iseme kwa ui.message kwamba amri imezimwa, kisha ifunge menyu kwa Escape. Isipokipata kabisa iseme hivyo pia. Hapa mimi ni mkali: skripti inayoshindwa kimyakimya ni afadhali isingekuwepo, kwa sababu inakuacha hujui kama hukubonyeza vizuri, programu imekwama, au kazi imeshafanyika.

Kutekeleza kwenyewe ni doAction(), ambayo hukiomba kipengee kifanye tendo lake la kawaida. Mara nyingi inatosha. Kisipokuwa na tendo utapata NotImplementedError, basi idake na uiseme. Ila kuna mtego ambao unakuhusu wewe hasa. Kanuni ya UI Automation ya Microsoft, mfumo ambao visomaji huutumia kuwasiliana na programu, inataka programu ikiombwa kutekeleza irudishe jibu papo hapo, hata kama amri inafungua dirisha la mazungumzo. Programu isiyofuata kanuni hiyo hushikilia jibu mpaka dirisha lifungwe, na aliyeomba, yaani kisomaji chako, anabaki ameganda mlangoni. Dirisha limefunguka, nawe husikii kitu. Zile nukta tatu za "Export..." ndizo zinazotangaza kwamba dirisha linakuja. Kwa hiyo kwa vipengee vya namna hiyo mimi nakipa kipengee fokasi kwa setFocus(), nahakikisha kwamba fokasi imefika, kisha natuma Enter kama ambavyo ungefanya kwa mkono. Vitufe vinarudi, ndiyo, lakini safari hii vinagonga kitu kilichokwisha kutambuliwa kwa jina.

Kuna programu zinazojichorea menyu zao zenyewe na kuziacha bila majina. Hapo NVDA itakuonyesha dirisha tupu, na hakuna tafuta itakayokusaidia. Waandikie watengenezaji.

Amri yako ifunge kwa @script, uipe gesture (vitufe vya kuiita) na pia description (maelezo yake), ili ionekane kwenye orodha ya ishara za kuingiza na uweze kuibadilisha bila kugusa msimbo. Kabla ya kuchagua vitufe, washa usaidizi wa kibodi kwa NVDA+1 uvibonyeze, usije ukapora amri unayoitumia kila siku. Kila ukihariri faili, NVDA+Control+F3 huipakia upya bila kuanzisha kisomaji upya.

Umeuliza pia habari ya kaka yako. Kama bado yuko kwenye JAWS, kisomaji kingine cha Windows, wazo ni lilelile ila lugha ni ya JAWS yenyewe, na faili la .jss lazima likusanywe (compile) liwe .jsb ndipo lifanye kazi. Akihamia Mac, kisomaji chake VoiceOver kinaweza kuendesha AppleScript, lugha ya skripti ya Apple, na kupitia System Events, sehemu ya mfumo inayoendesha programu nyingine, anaandika tu bofya kipengee fulani cha menyu fulani cha upau wa menyu. Aijalie tu ruhusa ya ufikivu kwenye mipangilio, na azikumbuke nukta tatu: huko kwa kawaida ni ile herufi moja.

Ukishaandika faili lako nitumie pamoja na kumbukumbu ya NVDA+F1 ya kipengee hicho. Na uniambie programu yako unaitumia kwa lugha gani, maana ukibadilisha lugha "Export" haitakuwa "Export" tena, wala Alt+F haitafungua kitu kilekile. Kama unazitumia lugha mbili, hiyo kazi ya tafuta iachie ipokee orodha ya majina badala ya jina moja.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Sahibu yako wa siku zote