Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Naanza na Lima, Peru, maana ndiko tulikoangushwa. Mwezi Septemba, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura kuhusu kuifanya Atlantiki ya Kusini hifadhi ya nyangumi, yaani eneo ambalo uvuvi wao wa kibiashara hauruhusiwi, hoja ambayo Brazil na wenzake wamekuwa wakiirudisha mezani tangu 2001. Waliounga mkono walikuwa 40, waliopinga 14, na 3 hawakuegemea upande wowote. Kanuni inadai robo tatu ya kura za ndiyo na hapana zikijumlishwa. Pigeni hesabu wenyewe: mpingaji mmoja tu angejizuia kupiga kura, hoja ingepita. Miaka miwili kabla, huko Portorož, Slovenia, haikufika hata kwenye kura. Baadhi ya wajumbe walitoka ukumbini na akidi ikakosekana.

Nayaeleza haya kirefu kwa sababu wapo wanaouliza tunahangaika na nini, ilhali nyangumi wenye nundu hufika Watamu kila mwaka na biashara ya boti inakwenda. Nyangumi hao hula Antaktika na kuja kuzaa katika maji yetu, na machusa ya meli za biashara yaliwapukutisha hadi wakabaki wachache. Bahari ya Hindi ilitangazwa hifadhi mwaka 1979 kwa pendekezo la Shelisheli, nchi ndogo kabisa. Mwaka 1982, Kenya na Oman zilikuwa kati ya nchi 25 zilizokubali kusitisha uvuvi wa nyangumi wa kibiashara, 7 zilikataa. Usitishaji ulianza msimu wa 1985/86 na bado unasimama.

Waliobaki na machusa ya biashara ni nchi tatu. Norway iliweka pingamizi mapema dhidi ya usitishaji huo, kwa hiyo kisheria haibanwi. Japan ilijitoa kwenye Tume mwaka 2019, na mwaka huu imeingiza baharini meli mama mpya ya kuchakata nyangumi baharini, Kangei Maru. Mwenye nia ya kuacha hajengi meli ya namna hiyo. Iceland ndiyo iliyoniudhi zaidi: mwaka 2023 ilisimamisha uwindaji kwa muda baada ya wakaguzi kuonyesha kwamba baadhi ya nyangumi huchukua muda mrefu kufa, kisha Desemba hii serikali inayosubiri kuondoka madarakani ikatoa leseni ya miaka mitano.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nasema moja tu: wenye deni la ada, lipeni.

Hata kwenye Tume ni hivyo hivyo. Nchi isiyolipa mchango wake hupoteza haki ya kupiga kura. Kenya na Tanzania zote ni wanachama, na mkutano ujao ni mwaka 2026. Ndiyo maana barua yetu kwa wizara inaomba mambo mawili tu: mchango ulipwe kwa wakati, na mjumbe atumwe, akae ukumbini mpaka kura ya mwisho. Nakala iko kwa katibu. Tafadhali itieni sahihi kabla ya kuondoka leo.