Ginipigi hawaachwi kama paka wakati wa likizo

Kwa Mhariri,

Shule zinapokaribia kufungwa mwishoni mwa mwaka, mazungumzo katika mitaa yetu ya Nakuru huwa ni nauli ya kwenda magharibi, nani atabaki kulinda nyumba, na kuku wataangaliwa na nani. Mwenye mbwa humwachia bawabu au humpeleka katika kituo cha kutunzia mbwa nje kidogo ya mji, na mwenye paka humwomba jirani amwekee maziwa na dagaa. Sisi tunaofuga ginipigi ndani ya nyumba, wale wanyama wadogo ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita simbilisi, hatuna pa kushika. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini jambo hili si la mzaha kama linavyosikika.

Kwangu tunao wawili, wote majike, ambao binti yangu aliwapa majina ya Simsim na Karanga. Wanaishi sebuleni, katika tundu pana ambalo fundi wa mtaani alitutengenezea kwa mbao. Kila asubuhi mfuniko wa sufuria ukigonga tu jikoni, au mfuko wa sukuma wiki ukichakarika, hupiga mluzi kwa pamoja, na jirani wa ghorofa ya juu aliwahi kuniuliza kama tumeweka kengele mpya mlangoni.

Desemba iliyopita niliwapeleka katika kituo kimoja cha mbwa, ambacho sitakitaja kwa kuwa nia yangu si kumharibia mtu kazi yake. Walikubali kuwapokea kwa siku tisa, kwa bei ya mbwa mdogo, nami kwa haraka ya safari sikuuliza mengi. Niliporudi kutoka Kakamega niliwakuta katika chumba kimoja na sungura watatu, mbwa wakibweka upande wa pili wa ukuta, sakafu ya tundu ikiwa ni waya mtupu, na bakuli limejaa chakula cha sungura cha vidonge. Mhudumu, kijana mwenye adabu, aliniambia kwa furaha kwamba hawakumsumbua hata kidogo, kwani walinyamaza muda wote. Nilipofika nyumbani nilimweka Simsim kwenye mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga wa maandazi. Aliondoka akiwa na gramu 1,040. Alirudi na 850.

Ukimya ule ndio uliopaswa kumshtua kijana yule, lakini hakuna aliyewahi kumfunza. Ginipigi ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa huficha maradhi yake hadi dakika za mwisho. Akiogopa hujikunyata pembeni, na akijikunyata haachi kupiga mluzi tu bali huacha kula pia. Mwili wake umeumbwa kula karibu mchana na usiku: meno yake hukua maisha yake yote na hupunguzwa na kutafuna nyasi, na utumbo wake huendelea kufanya kazi kwa kusukumwa na nyuzinyuzi za nyasi hizo hizo. Akikaa siku nzima bila kula, utumbo huanza kusimama, tumbo hujaa gesi, na baada ya hapo kumwokoa ni kazi. Ndiyo maana kumwachia bakuli lililojaa kisha kumchungulia baada ya siku tatu, kama afanyiwavyo paka, kunaweza kumuua bila yeyote kumkosea kwa makusudi. Anayemtunza anapaswa kutazama kila siku mambo mawili ambayo wengi hawayatazami: nyasi zimepungua kiasi gani, na vinyesi vilivyo chini ya tundu ni vingi na vikubwa kama vya jana au vimekuwa vichache na vidogo.

Vidonge vya sungura navyo vina kisa chake. Mwili wa sungura hujitengenezea vitamini C, lakini wa ginipigi hauwezi, kama vile wetu sisi binadamu usivyoweza, hivyo chakula cha sungura hakiongezwi vitamini hiyo. Ginipigi aliyekomaa huhitaji takribani miligramu 10 hadi 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na akizikosa kwa muda hupatwa na kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowamaliza mabaharia wa zamani: viungo huvimba, fizi hutoka damu, manyoya hukosa mng'ao. Kinachosikitisha ni kwamba dawa yake iko kwa mama mboga yeyote. Majani machache ya sukuma wiki na kipande cha pilipili hoho kila siku yanatosha, na hakuna kituo kitakachofilisika kwa kununua hoho.

Kuhusu kuwachanganya na sungura, daktari wa mifugo aliyemtibu Simsim alinieleza jambo ambalo sikulijua hata baada ya kufuga kwa miaka mitatu. Sungura na mbwa wanaweza kubeba bakteria aitwaye Bordetella bila kuonyesha dalili, lakini akimwingia ginipigi humletea nimonia. Alinionya pia nisikubali mtu yeyote ampe Simsim dawa za jamii ya penisilini, zikiwemo amoksilini na ile penistrepu inayouzwa katika kila agroveti, kwa sababu huua bakteria wazuri wa tumboni na mnyama mwenyewe hufuata. Nawaza ni vituo vingapi ambako mhudumu mwenye huruma, akiona mnyama anakohoa, angechukua chupa aliyozoea kumtibia mbuzi. Kwetu ilikuwa ni utumbo uliolegea tu, na kwa siku nne nilimfunga Simsim kwa taulo na kumlisha kwa sirinji uji wa nyasi zilizosagwa, kila baada ya saa chache, usiku ukiwemo. Siku ya tano mfuniko wa sufuria uligonga, naye akaitikia.

Msomaji atauliza kwa nini tusisafiri nao. Tulijaribu Agosti ya mwaka juzi. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu takribani mita 1,130, na tofauti hiyo mnyama mwenye manyoya huiona mara moja, hasa ikiwa matatu imesimama stendi kwenye jua ikisubiri abiria wa mwisho. Joto likizidi nyuzi 27 hivi, ginipigi huanza kuelemewa, na karibu na 30 anaweza kuzimia. Karanga alihema mdomo wazi hadi tulipompepea kwa gazeti na kumlaza juu ya chupa ya maji baridi iliyoviringishwa kitambaa. Tulipofika Kakamega, shemeji yangu alimtazama kwa makini, akaniuliza mmoja hutoa nyama kiasi gani. Sikumlaumu, kwani katika milima ya Andes, huko Peru na Bolivia walikotokea wanyama hawa, watu wamewala kwa maelfu ya miaka. Hata hivyo binti yangu hakulala usiku ule.

Aprili mwaka huu tulipata njia nyingine. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, ambaye watoto wake wote wako mbali, alikubali kukaa nao wiki mbili. Kabla ya hapo tuliwapeleka kwake mwisho wa juma mmoja, kwa majaribio, ili wazoee sauti na harufu ya nyumba nasi tupate kuona kama wanakula. Tulipeleka tundu lao lenyewe, robota la nyasi za boma Rhodes, mizani, na karatasi yenye uzito wa kila mmoja, vyakula vyao, vitu vya kuepuka kama parachichi, vitunguu na majani ya viazi, pamoja na nambari ya daktari. Tulikubaliana malipo mapema, kwa kuwa wengi wetu tuna tabia ya kudhani kazi ya kutunza kiumbe kidogo ni hisani. Mwalimu alinitumia picha ya mizani kila baada ya siku mbili na, bila kuombwa, picha za vinyesi pia, jambo ambalo mke wangu hakulifurahia wakati wa chakula cha jioni.

Si kila mtu ana jirani wa namna hiyo, na hapo ndipo vituo vinapohitajika. Ombi langu kwa wanaotunza mbwa hapa Nakuru, Kisumu na Eldoret ni kwamba watenge chumba kimoja kidogo, mbali na kelele za mbwa na harufu ya sungura, chenye matundu ya sakafu ngumu iliyotandikwa nyasi au kitambaa, kwani waya huwachubua nyayo zikawa vidonda. Wasiwatenganishe wawili waliozoeana. Uswisi imeliweka jambo hilo katika kanuni zake tangu 2008, kwamba wanyama wa aina hii wasifugwe mmoja mmoja. Wala wasimchanganye wa mteja mmoja na wa mwingine eti wapate kuchangamka. Jike hushika mimba akiwa na umri wa wiki nne tu, hubeba kwa siku 59 hadi 72, na akizaa kwa mara ya kwanza baada ya kufikisha miezi minane hivi, mifupa ya nyonga huwa imekwisha kufungana na uzazi unaweza kumuua. Mwenye mnyama hugundua miezi miwili baadaye, wakati kituo kimeshasahau jina lake.

Sidai sheria mpya. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, tayari inamkataza mtu kumnyima mnyama chakula na maji. Simsim hakunyimwa, maana bakuli lilijaa, na hakuna afisa ambaye angeona kosa pale.

Kama kuna mwenye kituo aliye tayari kujaribu Desemba hii, amwandikie mhariri katika safu hii hii. Nyasi, hoho na mizani nitavileta mwenyewe, na nusu saa ya kumwonyesha mhudumu jinsi ya kumshika ginipigi kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, sitaidai malipo.

Msomaji wako,
Section 58, Nakuru